Dimoni Isiyo na Cheo: Mwongozo kwa Mafundi Wapenda Ruti

Kuna fundi wa kompyuta ambaye kila ofisi inamfahamu. Akikabidhiwa seva ya Linux, amri yake ya kwanza ni sudo su, na humo hatoki mpaka jioni. Programu ikigoma kwa kukosa ruhusa, haulizi imekosa ruhusa gani. Anaandika chmod -R 777 kabla aliyemwita hajamaliza kueleza tatizo, kisha anatangaza chumba kizima kisikie: "Bosi, imekubali!" Imekubali kweli. Imemkubali kila mtu, pamoja na wale wasiotakiwa kukubaliwa. Mwongozo huu ni wake. Nimechagua kazi moja tu ya kumfundishia: kuendesha Syncthing kwenye seva kwa akaunti yake yenyewe, akaunti isiyo na cheo chochote.

Syncthing ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2013 na Jakob Borg wa Sweden. Kazi yake ni kuhakikisha folda iliyo kwenye laptopu yako inafanana na folda iliyo kwenye seva, na ile ya mwenzako pia, bila faili kupitia hifadhi ya kampuni yoyote. Vifaa vikiwa kwenye mtandao mmoja wa ofisi, hutafutana kwa poti 21027 na kupelekeana data moja kwa moja kwa poti 22000, ikiwa imefungwa kwa TLS. Kwa ofisi inayonunua intaneti kwa kifurushi, hiyo si faida ndogo: video nzito inahama kutoka meza moja hadi nyingine na kifurushi kinabaki kilivyokuwa. Tena Syncthing ni dimoni, yaani inakaa macho nyuma ya pazia saa zote, ikisikiliza mtandao, ikiandika na kufuta faili bila kumwuliza mtu. Naipenda sana programu hii, na ndiyo maana inaniuma kuikuta imewashwa kwa ruti.

Itazame kazi yenyewe. Inapokea baiti kutoka mashine zilizo mbali, kisha inaunda, inabadili majina na inafuta vitu kwenye diski yako kufuatana na ilichoambiwa. Ukiiwasha kwa ruti, yule mtumiaji namba 0 ambaye Linux haimnyimi karibu lolote, umeiruhusu kufanya hayo ndani ya /etc, ndani ya /root na ndani ya folda binafsi za wafanyakazi wote. Waliotengeneza Syncthing wanalijua hilo. Ikiwashwa kwa ruti, inatoa onyo kwamba haifai kuendeshwa na mtumiaji mwenye mamlaka, na inakushauri utumie akaunti ya kawaida. Fundi wetu hulipata onyo hilo kila anapowasha seva. Halisomi.

Mwaka 2017 ilibainika kwamba Syncthing toleo la 0.14.33 na yaliyotangulia yalikuwa na kasoro katika kushughulikia simlinki, zile faili ambazo kazi yake ni kuelekeza mahali pengine. Kwa kasoro hiyo, faili iliweza kuandikwa nje ya folda iliyoshirikishwa. Ilirekebishwa. Lakini pima hasara ya siku zile: aliyeiendesha kwa akaunti isiyo na cheo, hasara yake ingeishia kwenye faili chache ambazo akaunti hiyo inaweza kuziandika. Aliyeiendesha kwa ruti, "nje ya folda" ilikuwa mashine nzima. Januari 2025 ikawa zamu ya rsync, mkongwe wa kunakili faili: toleo la 3.4.0 lilitoka kuziba kasoro kadhaa, na mojawapo, CVE-2024-12084, iliyokuwa upande wa seva, ilipewa alama 9.8 kati ya 10 kwa ukali. Programu zote mbili zinaandikwa na watu makini, na kasoro zilikuja vilevile. Zitakuja nyingine. Lililo mikononi mwako ni kuamua sasa hivi zitakuta nini.

Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliliandika hili waziwazi mwaka 1975: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa mamlaka machache kabisa yanayotosha kazi hiyo. Konda wa daladala hukusanya nauli, hugonga bati na hupanga abiria. Hapewi kadi ya gari. Imepita nusu karne tangu wataalamu hao waandike, na bado yuko fundi anayeandika sudo mbele ya kila amri, hata ya kutazama tarehe.

Kama hoja za usalama hazikugusi, chukua ya diski. Mfumo wa faili wa ext4, kwa kawaida, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya ruti peke yake, ili diski ikijaa msimamizi aweze kuingia na kusafisha. Kwenye diski ya terabaiti 1, hizo ni takriban gigabaiti 50. Dimoni inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida ikifika hapo inasimama. Dimoni ya ruti inaweza kuila akiba hiyo pia, na siku mtu anapomwaga video za harusi nzima kwenye folda ya ofisi, seva inaweza kukosa hata pa kuandika kumbukumbu zake.

Basi tuanze. Kwenye Debian na jamaa zake, akaunti inaundwa kwa amri moja:

sudo adduser --system --group --home /var/lib/syncthing --shell /usr/sbin/nologin syncthing

Akaunti hii haina nywila na haina sheli ya kuingilia. Namba yake inatoka katika fungu la akaunti za mfumo, chini ya 1000, kwa hiyo haitajitokeza kwenye skrini ya kuingia pamoja na majina ya wafanyakazi. Folda yake binafsi ni /var/lib/syncthing. Ifunge kwa chmod 700. Humo ndimo zitakamokaa cert.pem na key.pem, na huo ufunguo ndio utambulisho wa seva yako mbele ya vifaa vingine vyote. Anayeunakili ufunguo huo anaweza kujifanya seva yako.

Kuna fundi ambaye, akifika hapa, huiongeza akaunti mpya kwenye kundi la sudo "ili isisumbue baadaye". Naomba aondoe mkono kwenye kibodi. Akaunti ikishaingia kundi hilo, kazi yote tuliyoifanya imefutika.

Kuiwasha ni kwepesi, kwa sababu pakiti ya Syncthing inakuja na faili ya huduma ya systemd iliyo tayari:

sudo systemctl enable --now syncthing@syncthing.service

Jina linalofuata alama ya @ ni la akaunti itakayoiendesha. Sasa hakikisha kwa macho: ps -o user,cmd -C syncthing. Utaona mistari miwili, maana Syncthing hujigawa mara mbili, mmoja ukifanya kazi na mwingine ukimsimamia mwenzake. Jina la akaunti litaonekana limekatwa, syncthi+, kwa kuwa lina herufi tisa na safu ya ps inatosha nane. Usishtuke wala usiende kuunda akaunti nyingine yenye jina fupi. Ukiona root kwenye mstari wowote, rudi nyuma.

Ukurasa wa kuisimamia unafunguliwa kwa kivinjari, na kwa kawaida unasikiliza 127.0.0.1 poti 8384, yaani ndani ya seva yenyewe tu. Kwa kuwa seva haina skrini, fundi mwenye haraka hubadilisha anwani hiyo kuwa 0.0.0.0 ili aufungue akiwa mezani kwake. Amejifungulia yeye, na amewafungulia wote walio kwenye Wi-Fi ya ofisi, pamoja na mgeni aliyekuja kusubiri hundi yake. Njia iliyonyooka ni kupitisha ukurasa huo ndani ya SSH:

ssh -L 8385:localhost:8384 jina-lako@seva

kisha unafungua http://localhost:8385 kwenye laptopu yako. Hata hivyo weka nywila siku hiyohiyo, kabla hujaongeza folda hata moja. 127.0.0.1 inamzuia mtu wa nje, haimzuii mtu mwingine mwenye akaunti kwenye seva ileile. Tena ukurasa huu una nguvu kuliko unavyoonekana. Katika mipangilio ya kuhifadhi matoleo ya zamani ya faili, lipo chaguo la kutaja amri ya nje ambayo Syncthing itaiendesha. Mwenye kuushika ukurasa anaweza kutaja amri anayoitaka, na itaendeshwa kwa mamlaka ya akaunti ya dimoni. Kama akaunti hiyo ni ruti, aliyeufungua ukurasa bila nywila amekuwa ruti kwa kubofya mara chache. Mimi hoja hii peke yake inanitosha. Hata kama kusingekuwa na kasoro wala mvamizi wa mbali, ningeitoa Syncthing kwa ruti kwa ajili ya kijisanduku hicho kimoja.

Sasa tufike penye kazi, mahali ambapo wengi hukata tamaa na kurudia 777. Akaunti isiyo na cheo haiwezi kugusa faili za watu, na watu hawawezi kugusa faili zake. Asha akihifadhi ripoti kwenye folda ya pamoja, ripoti ni ya Asha. Juma akiihariri kwenye laptopu yake nyumbani, Syncthing haiandiki juu ya faili ya Asha. Inaunda faili mpya ya muda kandokando yake, yenye jina linaloanza na .syncthing. na kuishia na .tmp, inaijaza, kisha inaibadilisha jina iwe ripoti. Matokeo yake ripoti sasa ni mali ya akaunti ya syncthing. Asha anarudi Jumatatu, anakuta faili yake mwenyewe inamkatalia asihifadhi, na anampigia fundi. Ukilielewa tukio hili hatua kwa hatua, mengine yote ni kuandika amri.

Suluhisho ni kundi. Unda kundi moja, tuliite pamoja, na uwatie humo dimoni na wahusika:

sudo groupadd pamoja
sudo usermod -aG pamoja syncthing
sudo usermod -aG pamoja asha

Herufi a kwenye -aG usiiache. Bila hiyo, mtu anaondolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada na kubaki na hili jipya tu juu ya kundi lake la msingi, na ukijifanyia mwenyewe utajitoa kwenye sudo bila kukusudia. Kisha anzisha upya huduma, na waambie watu watoke na waingie tena, kwa sababu mtu aliye ndani tayari bado anatembea na orodha ya makundi ya asubuhi.

Halafu folda yenyewe. Usiiweke ndani ya folda binafsi ya mtu. Iweke /srv:

sudo mkdir -p /srv/pamoja
sudo chown root:pamoja /srv/pamoja
sudo chmod 2770 /srv/pamoja

Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila kitu kitakachozaliwa humo kirithi kundi la pamoja, hata kikizaliwa na nani. Mafundi wengi wanaishia hapo, na wiki ya pili simu zinaanza. Kurithi kundi si kurithi ruhusa. Asha akiunda folda ndogo, kompyuta humpa ruhusa zake za kawaida: mwenyewe anaandika, kundi linasoma tu. Dimoni ikitaka kuweka faili ya Juma ndani ya folda hiyo ndogo, inagonga ukuta. Wengine hubadilisha umask, mpangilio unaoamua ruhusa hizo za kawaida, kwa kila mtu, mmoja mmoja, na kumsahau mmoja. Afadhali uiambie folda yenyewe, kwa orodha ya ruhusa inayorithiwa:

sudo setfacl -R -m g:pamoja:rwX -m d:g:pamoja:rwX /srv/pamoja

Ile d: inahusu watakaozaliwa kesho. Penye orodha ya namna hii umask haina sauti, kwa hiyo faili ya Asha, faili ya dimoni na faili ya mfanyakazi mpya atakayeajiriwa mwezi ujao zote zinazaliwa na kundi likiwa na haki ya kuandika.

Bado mlango mmoja uko wazi, na huu hauonekani kwenye seva. Syncthing kwa kawaida husafirisha pia ruhusa za faili. Laptopu ya Juma ikisema faili hii kundi linasoma tu, seva itatii, na orodha yako nzuri inapunguzwa makali faili moja baada ya nyingine. Ndiyo maana, kwa folda ya aina hii, kwenye seva washa chaguo la kupuuza ruhusa, ambalo katika faili ya usanidi linaitwa ignorePerms. Hapo dimoni inaunda faili kwa ruhusa pana na kuuachia mfumo wako uzichuje. Orodha ya kurithi na ignorePerms vinakwenda pamoja; ukiweka kimoja bila kingine utahangaika bure.

Na wafundishe watu jambo moja dogo. Anayeleta faili kwenye folda ya pamoja ainakili, asiihamishe. Amri ya mv hubeba ruhusa za zamani kama zilivyo, wakati cp ya kawaida inaunda faili mpya inayorithi kundi na orodha ya ruhusa ya folda iliyoipokea, ingawa ruhusa za faili asili bado zinaweza kulibana kundi.

Kitu kikigoma, kwanza soma. Kwenye ukurasa wa Syncthing, folda yenye tatizo inaonyesha orodha ya faili zilizoshindikana na sababu ya kila moja. Kisha jiweke mahali pa dimoni: sudo -u syncthing ls -l /srv/pamoja/ripoti. Amri hiyo inafanya kazi ingawa akaunti haina sheli, na itakuambia ukweli ambao ruti hawezi kuuona, kwa sababu ruti hakataliwi. Amri ninayoipenda kuliko zote hapa ni namei -l ikifuatiwa na njia nzima ya faili. Inashuka daraja kwa daraja kuanzia / na kuonyesha mmiliki, kundi na ruhusa za kila folda njiani. Mara nyingi faili haina kosa lolote. Kizuizi kiko kwa babu yake, folda ya juu isiyomruhusu dimoni kupita. Ukishaipata unarekebisha folda hiyo moja. Fundi wa 777 angezifungua elfu kumi.

Akaunti peke yake inatosha kwa wengi, ila systemd inakupa uzio wa pili bila gharama, na sioni kwa nini uuache. Andika sudo systemctl edit syncthing@syncthing.service na uweke:

[Service]
ProtectSystem=strict
ProtectHome=yes
ReadWritePaths=/var/lib/syncthing /srv/pamoja

Ukishaianzisha upya huduma, karibu mfumo mzima wa faili ni wa kusoma tu machoni pa dimoni, isipokuwa mahali pawili ulipopataja, na folda binafsi za watu hazionekani kabisa. Hii inasaidia hasa kwenye seva za zamani ambazo folda za /home zimeachwa wazi kusomwa na yeyote. Ndani ya faili ya huduma inayokuja na pakiti utauona pia mstari uliozimwa unaotaja CAP_CHOWN na CAP_FOWNER. Huo ni kwa wanaotaka Syncthing isafirishe hadi umiliki wa faili, kazi ambayo kweli inahitaji mamlaka ya ziada. Ofisi inayotumia kundi moja haina haja nao. Uache umezimwa, hata kama kuna mtu amekuambia ukiuwasha kila kitu kinakubali.

Usiitegemee Syncthing badala ya nakala rudufu. Ikisawazisha, inasawazisha na ufutaji: Asha akifuta, kote kunafutika. Washa uhifadhi wa matoleo ya zamani kwenye seva, na bekapu iendeshwe na akaunti nyingine isiyoguswa na dimoni.

Kwa kuwa programu yenyewe iko /usr/bin na ni mali ya ruti, dimoni haiwezi kujibadilisha toleo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Masasisho yaje kwa apt, nawe uyaruhusu kwa wakati wake, si mwaka kesho.

Kabla hujaondoka, jaribu kuvunja ulichojenga. Andika sudo -u syncthing cat /etc/shadow, kisha sudo -u syncthing touch /etc/jaribio. Zote mbili zikataliwe. Majaribio hayo yanapima akaunti tu, hayapiti kwenye uzio wa systemd. Uzio upime kwa systemd-analyze security syncthing@syncthing.service, inayotoa alama kutoka 0 hadi 10, na kadiri alama inavyokuwa ndogo ndivyo ulivyobana. Mwisho mwombe Asha aunde folda ndogo, Juma aweke faili humo akiwa kwenye laptopu yake, na Asha aihariri na kuihifadhi. Wasipokuita, andika maelezo mafupi uyaweke kwenye seva kwa ajili ya fundi atakayekuja: jina la akaunti, jina la kundi, folda ilipo, na sababu ya ignorePerms kuwashwa, maana hiyo ndiyo atakayotaka kuizima kwanza.